Mvua ya Igizo

Shangazi Mbeleje hakubisha hodi. Aliingia ofisi ya ushirika wa Mnyanzi saa mbili asubuhi ya Jumatatu, akafungua ncha ya khanga yake na kumwaga udongo mkavu juu ya meza, kati ya kibodi na kikombe cha chai.

"Tazama," alimwambia Sechelela.

Sechelela aliupekua kwa kidole. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mtama, au kilichobaki cha mbegu: maganda matupu, mepesi, sisimizi wamekwisha kuzila kiini. Nne tu zilikuwa nzima.

"Wiki mbili ziko ardhini hizo. Ulisema Alhamisi, tukapanda kavu, tukatega ndoo uani. Ukasema Alhamisi nyingine. Mimi mwanangu sijui kusoma mashine, najua kusoma shamba. Mashine yako imesema nini?"

"Imesema ndiyo, shangazi. Milimita ishirini na mbili. Mara zote mbili."

"Basi mbona mbingu imesema hapana?"

Hakuna kitu Sechelela alichokichukia maishani kama kukosa jibu mbele ya shangazi yake. Mwanamke huyu ndiye aliyemlea. Ndiye aliyeuza mbuzi wake ili yeye asomee ufundi wa mashine, na sasa alikuwa amesimama pale akiwa na vumbi hadi magotini, akimtazama kama mtu anayemtazama fundi aliyejenga nyumba ikaanguka.

"Nipe saa moja," Sechelela alisema.

"Nakupa. Mbegu ya akiba sina, wala jirani hana. Tulichokuwa nacho chote kiko chini."

Alipotoka, Sechelela aliuacha ule udongo palepale mezani na kufungua ukurasa wa Kampuni ya Rasha. Miaka kumi na tatu ilikuwa imepita tangu Rasha isimamishe nguzo zake juu ya vilima, nguzo zinazokamata kila wingu linaloingia ukandani na kulipeleka kwa aliyeliomba. Tangu hapo hakuna aliyengoja mvua kwa kutazama juu. Kila kata ilikuwa na mashine yake, na ndani ya mashine kulikuwa na kifurushi, yaani programu ndogo iliyotolewa na kampuni ili mashine ya kata iweze kuzungumza na nguzo. Jumatatu saa nne kamili dirisha la maombi hufunguliwa. Unaomba, unajibiwa, Alhamisi unanyeshewa.

Kifurushi kipya kilikuja mwaka huu, na Sechelela ndiye aliyekiweka. Tena si hapo Mnyanzi peke yake. Maelezo ya kampuni yalikuwa kurasa mia tatu za Kiingereza kigumu, basi yeye akakaa juma zima akaandika mwongozo wa Kiswahili wa hatua kumi na moja, akauweka kwenye kundi la mafundi wa kata zote kumi na moja za ukanda. Walimshukuru kweli. Mwalimu Chitema wa Chitope, mstaafu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na mitano, aliuchapa na kuupigia plastiki.

Sasa Sechelela akatazama ubao wa takwimu wa kampuni. Jumatatu iliyopita, ukanda wa kati: mawingu manne, maombi sifuri.

Akasoma tena. Sifuri. Kata kumi na moja zimepanda, zote zimeambiwa ndiyo, na kampuni inasema hakuna hata moja iliyoomba.

Alifungua dirisha lake la amri kwenye kompyuta, akaiuliza nguzo hali ya hewa tu, bila kuomba kitu, na safari hii akaliacha jibu lije zima. Katika mwongozo wake alikuwa amelipunguza: milimita ngapi, siku gani, basi, maana mkulima atafanyia nini mengine? Jibu likaja refu, na mstari wa mwisho ulisema: *asili: nguzo*. Vizuri. Kisha akafungua kumbukumbu za mashine, zile inazoandika inapoamka yenyewe kila Jumatatu pasipo mtu. Huko mstari wa mwisho ulisema: *asili: igizo*.

Alikaa akiutazama ule mstari hadi chai ikapoa.

Igizo ilikuwa seva ya mazoezi. Kila fundi anaijua. Unaitumia siku ya kwanza kujifunza. Unaomba mvua ya gharika, inakujibu ndiyo. Unaomba theluji, inakujibu ndiyo. Haiunganishwi na nguzo yoyote. Lakini nani aliipeleka mashine huko?

Akaenda kwenye hatua ya sita ya mwongozo wake mwenyewe, na hapo akaliona kosa, na kosa lilikuwa lake. *Andika ufunguo wa kata kwenye dirisha lako.* Ufunguo ndilo neno la siri linalomtambulisha mwombaji, na dirisha alilouandika liliujua. Lakini mashine inayoamka yenyewe Jumatatu haikumo katika dirisha lile. Ilikuwa kama kumnong'oneza mtu siri sebuleni, kisha kutegemea mlinzi wa getini aijue. Kila alipojaribu kwa mkono, mambo yalikubali. Alipoondoka, mashine ilibaki haina ufunguo.

Haya, kosa. Mafundi hukosea. Lakini mashine isiyo na ufunguo ilipaswa kugoma! Ilipaswa kusimama na kulia, taa nyekundu iwake, mtu aitwe. Mbona ilisema ndiyo?

Alikifungua kifurushi chenyewe, matumbo yake, mahali ambapo mafundi wengi hawaingii. Ilimchukua dakika ishirini. Mstari wa mia nne na nane ulikuwa na amri fupi, na juu yake mwandishi alikuwa ameacha maelezo kwa Kiswahili safi:

*Ufunguo usipopatikana, nenda igizo. Mteja asione kosa siku ya maonyesho. E.L.*

Sechelela alipiga meza kwa kiganja, udongo wa shangazi ukaruka.

*

Mtu wa kampuni aliyepokea simu alijitambulisha kwa jina la Lyakurwa, kitengo cha wateja, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyetoka kunywa asali.

"Nimekuelewa, dada yangu. Lakini jambo hili limeelezwa kwenye maelezo ya matumizi. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne."

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne unasema kifurushi kitadanganya?"

"Unasema kitatumia seva ya mazoezi pale ambapo..."

"Pale ambapo mtu amekosea. Yaani siku anayohitaji kuambiwa ukweli kuliko siku zote, hiyo ndiyo siku mnayompa uongo. Watu wamezika mbegu zao, Bwana Lyakurwa. Sisimizi wanazila sasa hivi tunavyoongea."

"Pole sana. Kwa dhati kabisa, pole."

"Na mawingu yetu? Manne Jumatatu iliyopita. Yalikwenda wapi?"

"Yasiyoombwa hadi saa sita mchana hupelekwa kwa wateja wengine. Mashamba makubwa ya kusini. Ni utaratibu."

Sechelela alisimama. "Kwa hiyo kila tulipodanganywa, kusini wakanyeshewa."

"Hakuna aliyepanga hivyo."

"E.L. ni nani?"

"Samahani?"

"Mstari wa mia nne na nane. Kuna mtu ametia herufi zake."

"Kifurushi kiliandikwa na timu, dada yangu. Zamani kidogo. Wako wengi."

"Timu haina herufi mbili. Na usiniite dada yako."

Lyakurwa alishusha pumzi, na aliporudi kusema, asali ilikuwa imepungua. "Sikiliza. Ukanda wenu umebakiziwa wingu moja msimu huu. Baada ya leo nguzo zinafungwa kwa matengenezo. Wewe tayari umeshajua tatizo liko wapi. Rekebisha mashine yako, saa nne uombe, wingu ni lako. Watu wako watavuna. Haya mengine tutayasawazisha kwenye toleo lijalo, kimyakimya, bila kutia watu hofu. Kwa nini utafute makubwa?"

Sechelela alikata simu bila kuaga. Kumuaga kungekuwa kumheshimu.

*

Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Malogo, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na alikuwa amesikia ya kutosha. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, baba wa watoto saba, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Aliingia, akafunga mlango.

"Mashine yetu inatengenezeka?"

"Nimeshaitengeneza." Ilimchukua dakika mbili. Aliuandika ufunguo ndani ya faili la mipangilio la mashine yenyewe, akaizima na kuiwasha, akaiuliza hali ya hewa. *Asili: nguzo.* Dakika mbili tu, na wiki mbili za uongo zikaisha.

"Basi Mungu mkubwa. Ni saa tatu na nusu. Tunangoja dirisha lifunguke, unabonyeza, mvua yetu."

"Na kata nyingine kumi?"

Malogo alikaa. Alilijua swali hilo litakuja, na jibu alikuwa nalo. "Seche, nisikilize kama baba yako mdogo. Wingu ni moja, halikatiki vipande. Ukiwaambia au usiwaambie, kata kumi zitakosa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa kama kumi lazima zikose, kwa nini sisi tujitie ndani ya kumi kwa hiari? Bonyeza kwanza. Saa nne na dakika moja waambie, waambie yote, uombe radhi, hata mimi nitaomba radhi pamoja nawe. Sikwambii ufiche. Nakwambia dakika moja."

Dakika moja. Ndiyo iliyomuudhi zaidi, kwamba Malogo hakuwa mtu mbaya na hesabu yake haikuwa na kosa. Angekuwa mwizi angemfukuza. Sechelela aliutazama ule udongo mezani, zile mbegu nne nzima. Zilikuwa za shangazi. Angebonyeza, Alhamisi zingelowa.

Lakini huko Chitope Mwalimu Chitema alikuwa amekaa mbele ya karatasi yenye plastiki. Hatua ya sita aliisoma kwenye maandishi ya Sechelela, si ya Rasha. Alimpigia simu mara tatu siku ile ya kuweka kifurushi kuuliza kama nukta ya mwisho ni sehemu ya amri. Watu wake walipanda kwa sababu yeye aliwaambia mashine imesema ndiyo, na yeye aliamini kwa sababu Sechelela alisema ukiona ishirini na mbili, umepata.

"Mwenyekiti," alisema. "Yule wa kampuni kaniambia maneno hayohayo. Nijue mimi, wasijue wao, ninyamaze kidogo. Yeye kidogo yake ni hadi toleo lijalo, yako ni dakika. Mimi sijui kuipima tofauti."

"Tofauti ni watoto wetu watakula!"

Ilikuwa mara ya kwanza Malogo kupaza sauti.

"Wao walidanganywa na mashine," Sechelela alisema. "Nikinyamaza, kuanzia sasa wanadanganywa na mimi."

Aliandika haraka ili asipate nafasi ya kujirudi. *Ndugu mafundi, mwongozo wangu una kosa, hatua ya sita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba mvua. Majibu yote yalikuwa ya igizo. Andikeni ufunguo ndani ya faili la mipangilio la mashine, muizime, muiwashe. Hakikisheni jibu linasema asili: nguzo. Wingu limebaki moja. Msingoje mashine iamke yenyewe saa nne na nusu kama nilivyowaelekeza, ombeni kwa mkono saa nne kamili. Kosa ni langu. Sechelela, Mnyanzi.*

Akatuma. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na nane.

Majibu yalianza kuja. Mmoja alidhani ni utani. Mwingine alimtukana tusi ambalo hakuwahi kuandikiwa na mtu. Watatu wakasema tu, tumeona. Saa tatu na dakika hamsini na tatu simu ikaita.

"Mbukwa, mwalimu," Mwalimu Chitema alisalimia kwa Kigogo. Alimwita Sechelela mwalimu tangu siku ya mwongozo, mzee wa umri wa baba yake, naye hakuwahi kulizoea jina hilo. "Hilo faili la mipangilio silioni."

Malogo alinyanyua mikono, akaitikisa: mwache!

"Shikamoo, Mwalimu. Rudi nyuma kwenye kabati kuu la mafaili. Unaona kabati dogo lililoandikwa huduma?"

"Naliona."

"Ndani yake. Faili la tatu kutoka juu."

"Hapa pana nafasi tupu mbele ya neno ufunguo. Niandike na alama za kunukuu?"

"Bila alama."

"Bila alama," mzee alirudia, na Sechelela alisikia kidole kimoja kikigonga vibonye, kimoja, kingine, kama mtu anayepanda karanga. Saa tatu na dakika hamsini na saba. Hamsini na nane.

"Kata simu, Seche," Malogo alisema kwa sauti ya chini. "Umeshawaambia. Haki imetimia. Kata."

"Sasa izime, Mwalimu. Iwashe."

"Inawaka. Inawaka. Imeandika... imeandika nguzo!"

"Basi saa yako ikifika nne, bonyeza."

Simu ilikuwa bado mkono wa kulia, begani haikukaa vizuri. Saa ilipogeuka alibonyeza kwa kushoto. Skrini ilifikiri. Malogo aliinama karibu, akanusa kama mtu anayetafuta harufu ya moshi.

*Nafasi imechukuliwa. Mwombaji: Chitope. Asili: nguzo.*

"Mwalimu!" Mzee alikuwa akipiga kelele huko kama mwanafunzi. "Ishirini na mbili, Alhamisi! Na chini imeandika nguzo. Hii sasa ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, Mwalimu."

"Na nyinyi? Mmepata?"

Malogo alifungua mlango na kutoka, akauacha wazi. Sechelela alimsikia akishuka ngazi moja moja. Alitaka kulia, na kilichomzuia ni kwamba hasira haikuacha nafasi ya machozi.

*

Alhamisi wingu lilipita juu ya mabati ya Mnyanzi saa tisa alasiri, jeusi, limeshuka chini, likielekea Chitope bila kuacha hata tone. Watu wote walikuwa uani kwa ushirika. Hakuna aliyewaita. Walikuja kuliangalia likipita, na harufu ya mvua ya wenzao ikawafikia puani.

Sechelela alikuwa amekwisha kuwaambia yote Jumatatu ileile, akiwa amesimama kwenye ngazi, na toka siku hiyo watu wengi hawakumsalimu. Malogo alimsalimu, lakini kwa kichwa tu.

Shangazi Mbeleje alikuja akasimama kando yake.

"Hilo lingekuwa letu?"

"Lingekuwa letu."

"Kama ungenyamaza."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi aliliangalia wingu hadi lilipovuka kilima. "Nimekukasirikia," alisema. "Sijui nitaacha lini. Na ungenyamaza, ukaja kunilia ugali wangu wa mtama huo, nikajua baadaye, ningekutapisha." Akafuta uso kwa khanga. "Mtu anaweza kukosa raha pande zote mbili."

Hapo ndipo gari jeupe la Rasha liliposimama getini. Akashuka mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mkononi ana jalada. Alisalimia watu kwa unyenyekevu, akapitia katikati yao hadi kwa Sechelela, na alipofungua mdomo Sechelela aliitambua asali.

"Ni fomu tu," alisema. "Kuthibitisha kuwa hitilafu ilitokana na usanidi wa mtumiaji, yaani alivyoipanga mashine. Ukitia sahihi, kampuni itaangalia uwezekano wa kuwaweka Mnyanzi mbele msimu ujao."

"Ilitokana na usanidi wangu," Sechelela alisema. "Nimeshakiri, mbele ya hawa, na mbele ya kata kumi na moja. Hilo halihitaji fomu yako. Lakini usanidi wangu haukusema ndiyo. Nani alisema ndiyo?"

"Hayo ni mambo ya kiufundi, tusiwachoshe wazee."

"Hatujachoka," alisema Shangazi Mbeleje. "Mwanangu, ile karatasi."

Sechelela aliitoa mfukoni. Ilikuwa nakala ya mstari wa mia nne na nane, na ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Akaisoma kwa sauti. *Ufunguo usipopatikana, nenda igizo. Mteja asione kosa siku ya maonyesho.* Watu walisogea. Malogo alisogea pia.

"Karibu Mnyanzi, baba," Shangazi Mbeleje alimwambia mgeni, kwa upole wa kuogopesha. "Hatukukuuliza hata jina. Unaitwa nani?"

"Lyakurwa."

"Hilo la ukoo. La kwako, ulilopewa na mama yako."

Yule mtu alitazama gari lake. Mbali, nyuma ya kilima, ngurumo ya Chitope ikasikika.

"Erasto," alisema.

Shangazi hakumwondolea macho. "Soma tena, mwanangu," alisema. "Polepole. Na zile herufi za mwisho ulizoziruka."

Sechelela akaikunjua karatasi, akaanza upya kutoka neno la kwanza.